Kabla hujashika rekoda ya mtu, andikianeni

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimeona umewasilisha mada Johannesburg, hongera sana. Mimi nimepata kazi ya kukusanya data kwa taasisi ya chuo kimoja cha nje, wanachunguza vibarua wa mashamba ya miwa. Naanza mwezi ujao. Nifanyeje ili siku moja na mimi nifike hapo ulipo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa simu, jibu likawa refu, na najua mko wengi mnaoitamani njia hii. Kwa hiyo acha nijibu hapa, wote msome.

Kwanza, ndiyo, nimewasilisha, na sitajifanya kwamba ni jambo dogo. Mama ameitembeza ile picha Mbagala nzima. Mtoto wa kibarua wa bandarini kusimama mbele ya watu waliobobea katika masuala ya kazi, akaeleza habari za wabeba mizigo wa soko la Dar na watu wakaandika anachosema, si kitu cha kila siku.

Kwa ambao hamjazizoea taasisi hizi za utafiti wa masuala ya kazi: ni sehemu ndani ya chuo kikuu ambayo shughuli yake ni kuchunguza kazi yenyewe. Mishahara, migomo, vyama vya wafanyakazi, ajali, nani anamtumikisha nani na kwa malipo gani. Marekani, chuo kikuu cha California kilianzisha mbili kwa mpigo mwaka 1945, moja Berkeley na nyingine Los Angeles, vita vinakwisha na migomo imepamba moto. Kwa Afrika, jina ambalo kila mtu wa fani hii analijua ni SWOP, taasisi ya kuchunguza jamii, kazi na siasa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ilianzishwa mwaka 1983 na Eddie Webster, mwanasosholojia aliyefariki Machi 2024. Kumbuka 1983 ni wakati wa ubaguzi wa rangi umekolea, na kukaa meza moja na vyama vya wafanyakazi Weusi ilikuwa ni kujitafutia matatizo na dola.

Matukio ya taasisi hizi yanafanana. Kuna semina za asubuhi, chai kwanza halafu mada. Kuna uzinduzi wa ripoti. Kuna mihadhara ya kumbukumbu, na kule Afrika Kusini tarehe 16 Agosti haipiti kimya, kwa sababu siku hiyo mwaka 2012 polisi waliwaua wachimba migodi 34 waliokuwa kwenye mgomo Marikana. Tangu korona, semina nyingi zinarushwa mtandaoni, na hilo ndilo lililotukomboa sisi wa huku. Semina ya Johannesburg ya saa tatu asubuhi, kwako Morogoro ni saa nne. Unaingia na simu yako, unasikiliza bure. Ingia. Ingia hata kama huelewi nusu ya maneno.

Miaka yangu ya shahada ya uzamili naipita, ilikuwa kusoma na njaa tu. Nataka kukueleza kilichotokea kabla ya hapo, kwa sababu ndicho kinachokuhusu wewe unayeanza mwezi ujao.

Taasisi ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya, sitakitaja, ilikuja Dar kuchunguza wabeba mizigo wa masoko ya jumla. Nikaajiriwa msaidizi wa utafiti. Kama hujawahi kufanya kazi sokoni, jua hivi: malori ya viazi ya Njombe na Mbeya yanaingia usiku, na saa kumi alfajiri watu wameshaanza kushusha. Ukitokea saa mbili na daftari lako umechelewa. Waliobaki wamelala juu ya magunia matupu, na ukimwamsha mtu aliyebeba tangu usiku ili umuulize "unajisikiaje kuhusu kazi yako," utajibiwa unavyostahili.

Kwa hiyo nilikuwa nafika saa kumi. Nilikuwa nabeba kahawa na kashata, siyo kwa ujanja, ni adabu tu. Polepole wakaniita dogo, wakanionyesha mambo. Mzee mmoja wa Kigoma alivuta kola ya shati akanionyesha sugu nyuma ya shingo, pale gunia linapokaa, nene kama kisigino. Akanifundisha kuitambua lumbesa kabla hujaigusa. Unaangalia mdomo wa gunia: la kawaida limefungwa mdomoni, lumbesa imeongezewa kichwa juu kwa kusokotewa kamba kama wavu, na viazi vinakuchungulia kwenye matundu. Nikamuuliza anajuaje kama ataliweza. Akasema: "Gunia halipimwi kwa mzani, dogo. Linapimwa kwa magoti. Goti la kulia likisema hapana, unaliacha, hata tajiri akutukane."

Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema pale ambapo mwanamume mtu mzima anabebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kupunguza mpaka hapo. Yaani hata lile gunia la halali, lisilo na kichwa, linakaribia mara mbili. Hilo nililigundua mwenyewe usiku mmoja nikiwa nasoma, nikaliandika kwenye maelezo yangu ya pembeni, nikayatuma pamoja na mahojiano.

Siku ya uzinduzi wa ripoti niliijua kwenye tangazo lao, kama mtu mwingine yeyote.

Picha ya jalada nilipiga mimi. Maneno ya goti yamewekwa ukurasa wa kwanza, kwa Kiingereza changu nilichotafsiri mimi, chini yake imeandikwa "mbeba mzigo, Dar es Salaam." Hesabu ya kilo 55 na kilo 100 ipo, imekuwa hoja kuu ya sura nzima. Nikaenda ukurasa wa shukrani: wamewashukuru wafadhili, wakamshukuru mkuu wa idara, na mwisho "wasaidizi wetu wa huko." Basi. Huko.

Nikaingia kwenye uzinduzi kwa njia ya mtandao. Profesa akawa anasimulia, "nilipokaa na wazee wale alfajiri." Huyu bwana alikuja sokoni mara moja, saa nne, jua limeshapanda, akapiga picha mbili tatu, akanunua parachichi. Nikaandika swali kwenye kisanduku cha maswali: mahojiano haya alifanya nani? Msimamizi wa mjadala akasoma swali la juu yangu, akasoma la chini yangu, kisha akasema muda umetutupa mkono.

Mpaka leo nikiandika haya mkono unakuwa mzito. Nilimwandikia yule profesa baadaye, kwa heshima zote. Jibu lilikuja la adabu sana: nilikuwa nimelipwa kwa kila mahojiano kama tulivyokubaliana, kwa hiyo hakuna deni. Na kweli nililipwa. Nililipwa kwa kichwa cha mahojiano, kama wale wazee wanavyolipwa kwa gunia, na gunia likishashuka begani halina tena habari na wewe.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu, maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Taasisi ya kuchunguza kazi nayo ni mahali pa kazi. Ina mwajiri, ina kibarua, ina anayetoka jasho na anayepiga picha. Watu wakisikia "taasisi ya wafanyakazi" wanadhani humo ndani kila mtu ni komredi. Wapi! Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wasaidizi wa kufundisha na wa utafiti, waligoma kwenye kampasi zote 10, wakidai mshahara wa kuweza kulipa kodi ya nyumba. Ni chuo kilekile chenye taasisi mbili za masuala ya kazi. Na pale Witwatersrand, nyumbani kwa SWOP, mwaka 2000 chuo kilitoa kazi za usafi na nyinginezo kwa makampuni ya nje, watu wakapoteza ajira zao na wengine wakarudi kufagia korido zilezile kwa mshahara mdogo zaidi. Ilichukua maandamano ya wafanyakazi na wanafunzi ya mwaka 2015 chuo kikubali kuwarudisha, na mwaka 2017 ndipo walipoanza kurejea kwenye ajira ya chuo moja kwa moja.

Kwa hiyo usione haya kuuliza kuhusu kazi yako kwa watu wanaouliza kuhusu kazi za wengine. Andikianeni. Kabla hujapokea rekoda, kabla hujapokea nauli, andikianeni. Siyo kwa sauti ya WhatsApp. Karatasi, au barua pepe yenye majina.

Muandikiane nini? Jina lako litakaa wapi kwenye ripoti na kwenye makala zitakazofuata. Rekodi na maandishi ya mahojiano ni ya nani, na kama wewe unaweza kuyatumia kwenye shahada yako. Kutafsiri utalipwa peke yake au kumefichwa ndani ya malipo ya mahojiano (kutafsiri mahojiano ya saa moja kunakula siku nzima, usidanganywe). Nani anakutibu ukipata ajali shambani. Na uulize pia jina lako limeandikwaje kwenye maombi ya kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa sababu mtafiti wa kigeni anahitaji mwenzake wa hapa nyumbani, na huyo mwenzake ana hadhi ambayo msaidizi hana.

Na kama ni ajira hasa, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: unafanya nini, wapi, saa ngapi, kwa malipo gani. Watakuambia wewe siyo mwajiriwa, ni mshauri, ni mtu wa kujitegemea. Sawa. Hapo ndipo pa kuandikiana zaidi.

Utasema, kaka, nikidai sana si watachukua mwingine? Inawezekana. Mimi wamenikataa wawili tangu nianze kudai, na mmoja alisema nina "mtazamo mgumu." Waache. Vijana wetu tumezidi upole, tukiona nembo ya chuo cha nje tunanyoosha mikono yote miwili na kusema asante kabla hatujajua tunapewa nini. Upole huo ndio unaolisha ripoti za watu.

Tuje Johannesburg. Nilirudi sokoni mwenyewe, bila mradi wa mtu, nikafanya mahojiano yangu upya, baadhi na wazee walewale. Ikisiri yangu, yaani ule muhtasari wa kuombea nafasi ya kuwasilisha, ilianza na sokoni saa kumi alfajiri, nadharia nikaisukuma chini. Ikapita.

Nilichotegemea ni maswali ya maprofesa. Kilichonipata ni mzee mmoja aliyekaa nyuma, mstaafu wa viwanda vya chuma na mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu ujana wake. Kabla ya kuuliza akatueleza habari za migodi: jinsi watafiti wa Witwatersrand miaka ya 1980 walivyokaa na wachimbaji wakajifunza kwamba mchimbaji mzoefu anasikia mwamba unavyolia kabla haujaanguka, na jinsi suala la usalama lilivyofika tume ya Jaji Leon mwaka 1994, mpaka sheria ya 1996 ikampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali anapoona hatari. Kisha akasema, "Huyu mzee wako na goti lake naye anajua. Je, akiliacha gunia, nani anamlinda? Na akianguka nalo, nani analipa?"

Nikamjibu nilichokuwa nacho. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianza kazi mwaka 2015, lakini unachangiwa na waajiri kwa ajili ya waajiriwa wao. Mbeba mzigo analipwa na tajiri huyu kwa gunia hili, na tajiri yule kwa gunia lile. Akianguka alfajiri, kila tajiri atasema siyo wangu. Mzee akatikisa kichwa, akasema basi hapo ndipo utafiti wako unapoanzia. Maprofesa wote pamoja hawakuniongezea kitu kama kile. Ukiwa kwenye semina hizi, mtafute mtu wa namna hiyo. Huwa anakaa nyuma, na wakati wa chai anasimama peke yake.

Jambo la mwisho ni la gharama. Rudi na matokeo kwa waliokupa maneno yao, na uliweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa maandishi vilevile. Mimi nilirudi na muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili. Mwenyekiti wa wabeba mizigo alinisomea mimi, kwa sauti, mbele ya wenzake, akifika kwenye kilo 55 akasimama. Wakaanza kubishana papo hapo kama wadai gunia lipungue au bei ya kubeba ipande. Vijana walitaka bei. Wazee walitaka kilo. Mwenyekiti akachukua nakala akasema ataenda nazo kwenye kikao na uongozi wa soko, na akanilalamikia kwamba herufi ni ndogo mno. Kwa hiyo chapa kwa herufi kubwa, mdogo wangu, upande mmoja wa karatasi, na uchape nyingi, kwa sababu nyingine zitafungiwa karanga.