Maswali ya Wasomaji: Saa ya Kompyuta Inarudi Nyuma, Tovuti Zinagoma

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kompyuta ya mezani ambayo binti yangu huitumia kwa masomo, nami kwa hesabu za duka langu la asali. Tangu mwezi uliopita, kila asubuhi nikiiwasha inaonyesha tarehe 1 Januari 2009, na karibu kila tovuti, hata ya benki, inatoa onyo kwamba si salama. Fundi anasema ni virusi na anataka kuifomati. Nifanyeje? (Mama, Isevya, Tabora)

JIBU: Mama yetu, tafadhali usikubali ifomatiwe kwanza, kwa sababu hesabu zako zitafutika na, kwa dalili ulizozieleza, kesho yake asubuhi tarehe itarudi 2009 vilevile.

Kwenye bodi kuu ya kompyuta kuna betri ndogo bapa mfano wa sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032, yenye volti 3, ambayo kazi yake ni kuiwezesha saa kutembea wakati hakuna umeme wa ukutani. Kompyuta ikizimwa lakini waya ukabaki na umeme, saa hula umeme huo. Ukizima swichi ya ukutani usiku, kama tufanyavyo wengi kwa kuhofia umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, saa hubaki kuitegemea betri peke yake. Yako, kwa kila dalili, imekwisha.

Onyo la tovuti nalo linatoka hapo hapo. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, ambacho kivinjari (programu unayofungulia tovuti) hukilinganisha na saa ya kompyuta. Kompyuta inayoamini kuwa tuko 2009 hukiona cheti cha leo kuwa muda wake haujafika, ikakikataa. Jaribu mwenyewe: rekebisha tarehe na mwaka, funga kivinjari, kisha ukifungue tena. Tovuti zikifunguka, kosa lilikuwa la saa. Zisipofunguka ilhali tarehe ni sahihi, lichukulie onyo kwa uzito, na usibonyeze kamwe kitufe cha kuendelea kwenye ukurasa wa benki. Nasisitiza hili kwa sababu mtu aliyezoea kupuuza onyo mwezi mzima hupuuza pia lile litakalokuja siku anayoibiwa kweli.

Ili kubadilisha betri, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, fungua kava la ubavuni, kisha sukuma taratibu kibanio kilicho pembeni mwa betri mpaka inyanyuke. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Hata mafundi saa huwa na betri hizi. Kwa vumbi letu la kiangazi, usifunge kava kabla ya kusafisha feni kwa brashi laini, huku umeishika isizunguke. Ukishaweka tarehe, iache antivirusi ijisasishe, maana huenda mwezi mzima ilishindwa.

SWALI: Nimetoa chapa mitihani katika duka la stationari, na niliporudi nyumbani mafaili yote ya flashi yamegeuka kuwa njia za mkato (shortcut). Je, yamepotea? (Mwalimu, Urambo)

JIBU: Mwalimu, kwa kawaida hayapotei, kirusi huyaficha na kuweka njia za mkato mahali pake, na ukiibofya mojawapo unakiamsha katika kompyuta yako. Kwa hiyo usibofye chochote. Ikague flashi kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yakionekana, yanakili kwenye kompyuta na ufute njia za mkato. Siku nyingine nenda dukani na flashi yenye waraka ule mmoja tu unaotaka kuchapa, na mitihani mingine ibaki nyumbani.