Kwa wanaojiandaa kwenda kujitolea Malawi na koti jeupe

Wadogo zangu wa mwaka wa tatu na wa nne, najua lipo kundi linalopanga kwenda kujitolea hospitalini Malawi likizo ijayo, na maswali ya hosteli nayajua pia: nauli kiasi gani, tutalala wapi, theata tutaingia? Mengine nitayajibu. Ila lipo moja ambalo sijamsikia mtu akiliuliza: wenyeji watafaidika nini na ujio wako?

Sisi wa Dodoma hatuna kisingizio hapo, maana wageni wa aina hiyo tumewapokea sana. Wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya na Marekani huja kwenye hospitali za huku kwetu, na aliyezunguka wodini amesikia wauguzi wanavyowazungumza wakishaondoka. Wapo wanaokumbukwa kwa wema: walifika kabla ya raundi, waliomba ruhusa kabla ya kumgusa mgonjwa. Wapo na wale wa kujipiga picha na watoto waliolazwa, wa kumtaka sista atafsiri kila sentensi huku foleni ya sindano imesimama, wa kufungua sanduku la dawa zilizobakiza wiki chache kuisha muda. Safari hii mgeni ni wewe. Kila ulichowahi kukinung'unikia kuhusu wale, kiandike kwenye karatasi uende nayo.

Hapo kwenye dawa nikazie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini. Halafu kuvusha maboksi ya dawa mpakani bila kibali kunaweza kukuletea kesi, hata kama nia ilikuwa njema. Kama mmechanga na mnataka kupeleka kitu, waandikieni kwanza wenyeji muwaulize wamepungukiwa nini. Wakisema glovu, pelekeni glovu.

Makaratasi ni mepesi ukianza mapema na ni balaa ukichelewa. Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo kitambulisho cha taifa, cha NIDA, peke yake hakikuvushi. Pasipoti huombwa mtandaoni Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000, na wengi hukwama kwa sababu majina ya kwenye cheti cha kuzaliwa hayafanani na ya NIDA. Bumu likiingia, toa hela ya pasipoti kabla ya kununua chochote. Uwe pia na barua ya chuo, na barua ya hospitali inayokupokea ikitaja nani atakusimamia. Barua isiyotaja msimamizi irudishe, kwa adabu.

Chanjo hazisubiri tarehe ya basi. Ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Ukiianza wiki mbili kabla ya safari unakwenda na kinga nusunusu. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho pima kingamwili; wanatafuta kuanzia 10 mIU/mL kwenda juu. Homa ya manjano ni dozi moja, na tangu 2016 kadi yake inahesabika ya maisha, ila inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa. Uwe nayo mkononi, ofisa wa afya mpakani akiidai usianze kujitetea.

Malaria ndiyo watu wa Dodoma wanaidharau. Huku kwetu ni kukavu na maambukizi ni machache kuliko mikoa ya kanda ya ziwa au ya kusini, kwa hiyo mtoto wa Kongwa au Bahi hana kinga kubwa ya kujivunia. Ukanda wa ziwa kule Malawi ni habari nyingine. Lala ndani ya chandarua, na ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga. Doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku, na huendelea wiki nne baada ya kutoka. Wengi huiacha wakishafika nyumbani, na hizo wiki nne ndizo zenye kazi.

Siku ya kwanza hospitalini, kabla hujajua choo kiko wapi, uliza dawa za kinga ya VVU baada ya ajali ya sindano anazitunza nani, na usiku zinapatikanaje. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo. Mwisho wa kuanza dawa ni saa 72, lakini kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Dawa ni siku 28.

Sasa mipaka yako. Malawi, kama ilivyozoeleka kwetu, matabibu wasio na shahada ya udaktari wanabeba kazi kubwa, hata kuwapasua kinamama wakati wa kujifungua. Wana uzoefu kukuzidi kwa mbali. Wasalimie kama wakubwa zako, usijitambulishe kama daktari, maana bado. Siku wodi ikizidiwa mtu atakuambia, "Daktari, malizia huyu." Hapo ndipo unapimwa. Ambacho hujawahi kukifanya nyumbani ukiwa na msimamizi, huko usikifanye peke yako. Jibu liwe tayari mdomoni: sijawahi kuifanya mwenyewe, naomba nikusaidie wewe ukiifanya. Mgonjwa wa Karonga ana haki ileile ya mgonjwa wa Chamwino. Nashauri kabla ya kuvuka mpaka mkae kidogo hospitali ya Mvumi au kwenye kituo cha afya cha kijijini, mzoee kupima, kuchukua historia na kuweka kanula pale vifaa vinapohesabiwa.

Huko Mvumi mtajifunza na jambo la pili. Bibi anayeongea Kigogo tu, na mwanafunzi wa kutoka Moshi aliyebaki kutabasamu: ndivyo mtakavyokuwa. Jifunzeni salamu za Chitumbuka au Chichewa mapema, na neno la "wapi panauma". Kuandika si tatizo, kumbukumbu ziko kwa Kiingereza, na mgonjwa hutembea na kijitabu chake mwenyewe cha afya. Kisome chote kabla hujaanza kumhoji upya.

Njia: basi la alfajiri stendi ya Nanenane, Iringa kupitia Mtera, Mbeya, kisha mpakani Kasumulu. Malawi wako saa moja nyuma yetu, kwa hiyo rekebisha saa mpakani, hasa kama kuna dawa unayopaswa kumpa mgonjwa kwa wakati. Kwacha badilisha kidogo kidogo, na nauli ya kurudi usiiguse.

Ziwa litawavutia, na wenyeji wenu watawapeleka siku ya mapumziko. Lina kichocho. Mkishindwa kujizuia, basi wiki sita hadi nane baada ya kuogelea nendeni mkapime na mkanywe prazikwanteli, hata kama hakuna anayekojoa damu. Na homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, pima malaria siku hiyo hiyo na umwambie anayekupima ulikuwa wapi.