Kiti cha Sentimita Sita

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe. Amepata nyumba ya wanasesere yenye vyumba sita, kuta nyeupe, haina hata msumari ndani, na tangu aipate usingizi umemruka. "Nina vitambaa, nina udongo wa kufinyangia, nina mikono," aliandika. "Nianzie chumba gani? Naogopa kuiharibu." Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta naandika kurasa, basi nikaona bora jibu niliweke hapa, maana najua na wewe unayesoma una kopo la vifungo ambalo hukubali litupwe, na kila ukiona kifuniko cha dawa ya meno unaona kivuli cha taa.

Dada yangu, usianzie chumba chochote. Anza na mtu atakayeishi humo. Kwa nini nasema hivyo, itabidi nisimulie jambo ambalo kwa miaka minne sikumsimulia mtu.

Nyumba yangu ya kwanza niliijaza kwa miezi minane. Kila jioni nilitengeneza kitu kimoja: leo kiti, kesho sahani, keshokutwa kitabu chenye jalada la ngozi. Sikushika rula. Niliamini jicho langu, na kitu kikitoka kizuri kiliingia ndani. Kwenye mkono kila kimoja kilikuwa kizuri kweli, na hilo sitalikana mpaka leo. Nikaipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilipangusa vumbi kila rafu kwa brashi ya rangi.

Mmoja wa majaji alipofika kwenye meza yangu alitoa mfukoni rula ya chuma, na mwanasesere wake wa kupimia, wa sentimita 14. Akamkalisha kwenye kiti changu. Miguu ya mwanasesere ikaning'inia hewani. Jaji akasimamisha rula kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio, akasoma: sentimita 6. Kisha akawageukia watu waliokuwa nyuma yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Humu wanaishi majitu." Wakacheka. Nilisimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi, sikuwa na pa kuweka uso.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Nyumba nyingi za wakusanyaji hujengwa kwa skeli ya 1:12, yaani kila sentimita 12 za dunia yetu ni sentimita 1 mle ndani. Kiti cha kawaida kina kikalio cha sentimita 45 hivi kutoka chini, kwa hiyo changu kilitakiwa kuwa na 3.75. Cha sentimita 6 ni sawa na kiti cha sentimita 72, na meza yangu nayo ilikuwa na kimo hichohicho. Mtu angekaa na meza ikamfikia kwenye mapaja. Sahani zangu zilikuwa za sentimita 3.5, yaani sinia za sentimita 42. Vitabu, ambavyo nilivishona kurasa kwa sindano na uzi mmoja mmoja, vilikuwa na kimo cha sentimita 3. Hakuna mkono wa mwanasesere ungevishika.

Jaji alikuwa na haki ya kupima. Hakuwa na haki ya kuchekesha umati kwa jasho langu.

Nyumba niliifunika shuka. Miezi iliyofuata siisimulii, haikuwa na kitu. Kilichonirudisha ni kusoma habari za watu waliofanya kazi hii kabla yetu, na nakusihi uwasome, kwa sababu wanakupa uti wa mgongo. Petronella Oortman wa Amsterdam aliipamba nyumba yake kati ya mwaka 1686 na 1710 hivi, na sasa iko Rijksmuseum, jumba la makumbusho la mji huohuo. Hakutaka vitu vya kuigiza: vyombo vya kaure aliagiza kutoka China, na vikapu vilisukwa na wasukaji wa kweli. Ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, iko kwenye kasri la kifalme la Windsor hadi leo. Ni ya 1:12 kama zetu. Ina umeme, ina lifti, mabomba yake yanatoa maji, na maktaba yake ina vitabu ambavyo waandishi wa wakati ule waliviandika kwa mkono wao. Nilipokisoma hicho kifungu cha mabomba nilinyanyuka kwenye kiti.

Aliyenishika zaidi ni Frances Glessner Lee wa Marekani. Miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vya 1:12 vinavyoonyesha mahali palipotokea vifo, ili wapelelezi wajifunze kuangalia ushahidi. Soksi za wanasesere wake alizifuma kwa pini. Mwaka 1943 polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni. Mtu akikuambia kwamba unacheza mchezo wa watoto, mkumbuke huyo mama na pini zake mbili.

Basi nikaitoa shuka. Safari hii nilianza na mwenye nyumba. Nilimfinyanga kwa udongo wa polima, ule wa plastiki unaokuwa mgumu ukiokwa, mwanamke wa sentimita 13.3, ambaye kwetu angekuwa na sentimita 160. Nilimpa kazi: ni fundi cherehani, na usiku anapenda kusoma. Tangu siku hiyo sikuuliza tena kitu kiwe na ukubwa gani. Nilimuuliza yeye. Rafu iko juu kiasi gani? Pale mkono wake unapofika bila kusimama kwa vidole. Taa inakaa wapi? Upande wa kushoto, kwa sababu anashona kwa mkono wa kulia na hataki kivuli chake kiangukie kazi. Mlango una kimo gani? Apite na mtungi kichwani bila kuinama, nikaukata wa sentimita 17. Hata vitu vya kutupa vikajulikana: vipande vya vitambaa chini ya meza, pini iliyodondoka, kikombe kilichosahauliwa dirishani. Ukishajua nani anaishi humo, mikono yako inaacha kubahatisha.

Pima, dada. Pima mwenye nyumba akiwa amesimama, pima goti lake, pima mkono wake ulionyooshwa. Andika namba hizo kwenye karatasi uibandike ukutani mbele yako.

Kiti nilikirudia. Nilitumia vijiti vya mbao laini vya upana wa milimita 3, nikavisugua kwa msasa mpaka miguu ikawa myembamba kuelekea chini. Rangi ya mbao niliipaka kabla ya gundi, na hili likumbuke, kwa sababu gundi ikishagusa mbao inaziba vinyweleo vyake na rangi haiingii tena. Utabaki na madoa meupe kwenye kila kiungo, na hayaondoki. Kikalio nilikisuka kwa uzi wa kutarizi. Uzi huo, ukiuangalia vizuri, ni nyuzi sita zilizolala pamoja. Nilitoa mmoja tu, nikaupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki ili usitoe manyoya, nikausuka kwa kibano mzunguko mmoja baada ya mwingine, jioni tatu. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kwenye nyumba ya kwanza: nikachukua msasa laini nikaufuta ukingo wa mbele wa kikalio na kipande cha juu cha egemeo, pale tu ambapo mtu anagusa kila siku. Rangi ikafifia hapo. Nikamkalisha. Visigino vikagusa sakafu. Nilikaa nikimwangalia mpaka chai yangu ikapoa.

Kuhusu vitambaa nitasema kwa urefu, maana hapo ndipo wengi tunapoumbuka. Kitambaa cha unene wa nusu milimita, kwa mwenye nyumba kina unene wa milimita 6. Huo ni ubao. Ua la sentimita 5 kwenye pazia lake ni ua la sentimita 60. Tafuta melimeli, hariri nyepesi, leso ya zamani iliyofuliwa mara mia, na machapa yawe madogo kadiri unavyoweza kupata. Hata hivyo pazia halitaanguka vizuri, kwa sababu kitambaa umekipunguza lakini hakina uzito wa kujivuta chini. Kitasimama kama sketi iliyopigwa wanga. Dawa yake ni hii. Changanya gundi nyeupe na maji mpaka iwe kama maziwa. Lowesha kitambaa, kikamue. Tandika nailoni juu ya sponji ngumu, laza kitambaa, kisha kunja marinda moja moja na kuchoma pini kila bonde, juu na chini. Acha usiku kucha. Asubuhi ukitoa pini, pazia linabaki na marinda yake kana kwamba limening'inia miaka kumi. Mapazia yangu ya kwanza nilikuwa napindia ukingo kwa sindano, na upindo ule ulionekana mnene kama kamba. Sasa napaka gundi kidogo ukingoni, ikikauka nakata kwa mkasi mkali, na hakuna upindo kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Nyaya za taa ziingie kabla ya karatasi za ukutani. Mimi nilizikumbuka baadaye na nikabandua chumba kizima. Karatasi zenyewe zibandike kwenye kadibodi nyembamba iliyokatwa kwa kipimo cha ukuta, ndipo uisimamishe ndani, ukichoka nayo unaitoa. Gundi kali ya kukauka papo hapo usiitumie karibu na kioo cha plastiki: mvuke wake ulinigeuza madirisha manne kuwa na ukungu mweupe usiofutika. Udongo wa polima uoke kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kati ya nyuzijoto 110 na 130, wala usiongeze ili kuharakisha. Ukiungua unatoa moshi mbaya. Sakafu ya vijiti vya aiskrimu ni nzuri sana, upana wake wa sentimita 1 unakuwa mbao za sentimita 12.

Mng'ao nao una habari yake. Cherehani ya mwenye nyumba niliichonga kwa mbao, gurudumu ni kifungo cha shati, kidonge cha uzi ni ncha ya kijiti cha meno, urefu wote sentimita 3.3. Ni kitu ninachojivunia kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nilipoipaka vanishi ya kung'aa, kwa kuwa cherehani za kweli zinang'aa, ikaonekana kama imetoka kuloweshwa mvuani. Taa ya chumbani kwako haipungui pamoja na nyumba. Ikigonga kitu kidogo chenye kung'aa inakiumiza. Niliisugua, nikarudia kwa vanishi isiyong'aa, nikaacha mng'ao kidogo tu kwenye gurudumu.

Mwezi huu nilirudi kwenye maonyesho yaleyale, na chumba kimoja tu, cha kushonea. Jaji yule alikuja. Alitoa rula ileile ya chuma. Akapima kiti, akapima meza, akapima rafu, akapima sahani moja na kitabu. Akamkalisha mwanasesere wake pembeni ya wangu. Alikaa kimya muda mrefu, akaandika, akaenda. Chumba changu kilipata nafasi ya kwanza. Hakunikumbuka. Nilitamani anikumbuke, nasema ukweli, na hadi naandika haya bado natamani.

Kwa hiyo nikuambie hili pia, wewe ambaye kazi yako ilichekwa: tenganisha kipimo na kicheko. Kipimo kibebe, kitakusaidia. Nilipoteza mwaka mzima kwa sababu nilivitupa vyote viwili pamoja. Na usikubali kuharakishwa na picha za watu wanaomaliza nyumba kwa wiki mbili kwa kununua kila kitu tayari. Kununua si dhambi, lakini sahani uliyoibonyeza wewe ina alama ya kidole chako chini yake, na siku moja mtu ataigeuza aione. Usijaze. Chumba chenye vitu saba vilivyopimwa kinapumua kuliko chenye vitu arobaini vilivyosongamana. Usiombe ruhusa kwa mtu yeyote ya kutumia jioni zako kwa kazi hii.

Dada uliyeniandikia, vyumba vyako sita viache vyeupe kwa sasa. Mfinyange mwenye nyumba, mpime akiwa amesimama, mpime kutoka kisigino hadi gotini, kisha niandikie namba hizo mbili kwa milimita pamoja na kazi anayofanya. Nikizipata nitakuandikia kimo cha kitanda chake, na upande gani aweke taa.