Mjomba, huyu mgombea anaweza kweli kutuletea lami?

SWALI: Habari ya kazi mjomba. Mi nauza mitumba hapa Busia upande wa Uganda na wiki hii wagombea ubunge wamepita sokoni watatu, kila mtu na spika yake. Wa kwanza kasema ataweka lami mpaka kijijini kwetu, wa pili atatujengea kituo cha afya, wa tatu hata hakusema kitu, kagawa sukari na sabuni kapanda gari kaenda. Sasa shemeji yangu anakaa Busia ya Kenya hapo ng'ambo, ananicheka, eti mbunge wao kajenga madarasa na anatoa basari na sisi wetu ni mdomo tu. Wetu ni waongo ama kuna kitu sijui? (Mama wa mitumba)

JIBU: Mama, shemeji yako hajakudanganya ila hajakumalizia habari. Kule Kenya kuna mfuko wa maendeleo wa majimbo, ulianza 2003 na siku hizi wanauita NG-CDF, sheria yenyewe ndo inashusha pesa ya serikali mpaka jimboni na mbunge anakaa nayo karibu, ndo maana unaona jina la mfuko limechorwa ukutani kwa darasa. Sisi tuliwahi kuwa na kitu kidogo cha namna hiyo kikaachwa. Kwa hiyo mbunge wako wa leo hana pochi ya lami. Barabara kubwa ni za wizara ya ujenzi, hizi za kwetu za vumbi ni za wilaya na sabukaunti, na kituo cha afya pia kinapitia huko huko wilayani kwa pesa inayotoka gavumenti kuu.

Tena kuna kitu wagombea hawakitaji kabisa pale juu ya pikapu. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 93, inasema mswada wa kuongeza kodi au wa kuchota pesa kwenye mfuko mkuu wa serikali lazima uletwe kwa niaba ya serikali. Yaani mbunge hawezi kuamka asubuhi akaandika sheria ya "lami ya Busia" ikapita. Anaweza kuleta mswada wake binafsi kwa mambo mengine, na si mchezo, ule wa 2017 uliotoa ukomo wa umri wa rais uliletwa na mbunge wa kawaida tu, Raphael Magyezi wa Igara West, mnakumbuka viti vilivyorushwa mle ndani. Lakini lami, hapana.

Sasa anaweza nini? Bajeti. Makadirio yanafika bungeni kabla ya tarehe 1 Aprili na lazima yapitishwe kabla ya Mei kuisha, mwaka wa pesa unaanza Julai. Hiyo miezi miwili wabunge wanakaa kwenye kamati, waziri anakuja na vitabu vyake, na hapo ndo mtu anaweza kuuliza mbona barabara ile iliyoandikwa mwaka jana haijaguswa na pesa imeenda wapi. Kwa hiyo akija tena sokoni usimuulize utatuletea nini, muulize unataka kukaa kamati gani na kwa nini, na barabara yetu iko kwenye mpango wa wilaya ama haipo. Wengi watakuangalia kama umeongea Kichina. Yule atakayekujibu hata nusu nusu, huyo mpe sikio.

Mi niliumwa na nyoka huyu zamani ndo maana naongea hivi. Kwetu mgombea mmoja alinunua gari la mitumba akalichora ambulansi, sura yake mlango mzima, anacheka mpaka meno ya mwisho. Tukapiga vigelegele. Usiku mmoja jirani akashikwa na uchungu, tukampigia dereva, dereva anasema mafuta hakuna leteni elfu hamsini, tukachanga gizani na tochi za simu, mwenye mbili mwenye tano, mama alifika hospitali karibu anajifungulia mlangoni. Jamaa alipokosa kura gari likarudi kwake, wakakwangua msalaba mwekundu na siku hizi linabeba matoke. Sura ilibaki kidogo, sikio moja hivi.

Na ile sukari, mama, uiogope. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ya 2005 inasema kutoa zawadi ili upate kura ni kosa, na anayepokea naye ana kosa. Chai ya kikao cha kupanga kampeni inaruhusiwa, ila kilo ya sukari ya kwenda nayo nyumbani si chai ya kikao.

SWALI: Mjomba, mimi niko Arua, dada yangu anaishi Manchester, New Hampshire, Marekani. Anasema mgombea wa bunge la jimbo alikuja mlangoni kwake peke yake, kwa miguu, na karatasi moja, akaongea habari ya kodi ya nyumba dakika kumi basi. Hakuna spika hakuna fulana. Huyo ni mgombea kweli ama muuza bima?

JIBU: Ni mgombea kabisa ndugu yangu. Kila jimbo kule lina bunge lake mbali na lile la Washington, na la New Hampshire lina wawakilishi 400 kwa watu kama milioni 1.4, piga hesabu, ni kama watu elfu tatu na nusu kwa mbunge mmoja, anaweza kuwamaliza kwa miguu. Mshahara wao ni dola 100 kwa mwaka, haujapanda tangu 1889, fulana atanunua na nini! Habari ya kodi pia usishangae, jimbo hilo halina kodi ya mauzo ya jumla wala kodi ya mishahara, shule zinategemea sana kodi ya nyumba na ardhi, kwa hiyo mgombea akiahidi shule nzuri mwenye nyumba anamuuliza hapo hapo bili yangu itapanda shilingi ngapi. Ila usiwaonee wivu sana, kwa dola 100 wanaoweza kukaa bungeni wengi ni wastaafu na watu wenye vyao.

SWALI: Nikimchagua akatuangusha tunaweza kumtoa kabla ya miaka mitano? (Boda, Jinja)

JIBU: Ibara ya 84 ya katiba yetu ilitoa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, lakini inafanya kazi kwenye mfumo wa Movement peke yake, ule wa siasa bila vyama, na vyama vingi vilirudi kwa kura ya maoni ya 2005. Miaka mitano, kaka. Chukua namba yake ya simu sasa hivi akiwa bado anapokea.