Kabla hujalipia leza, igeuze nyuma

Wateja wengi wanaoniletea sofa au viti vya bajaji nivivalishe upya huchagua leza, yaani ngozi ya bandia, kwa macho: inang'aa, rangi imewakubali, basi. Mimi huigeuza kwanza. Ukiuvuta upande wa nyuma, kitambaa kinatakiwa kinyumbuke kisha kirudi. Kikichanika kwa kidole, achana nayo. Mishono itafumuka kwenye tundu za sindano.

Halafu uliza kama plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa ni PVC au PU. PU ina mguso mzuri, lakini kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam nyingi hubanduka magamba, hata kama sofa haikaliwi sana. Kwa bajaji na mgahawa nashauri PVC. Maji haiyajali. Adui yake ni jua, na sababu ni hii: PVC kwa asili ni ngumu, ni ileile ya mabomba. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich, Marekani, aliipasha moto pamoja na vimiminika vizito ikawa inanyumbuka. Leza ya leo hulainishwa kwa njia hiyohiyo, na kile kilainishi hakijafungwa humo milele. Joto hukitoa kidogo kidogo. Petroli na tina (thinner ya rangi) hukitoa upesi zaidi, nami bado naona madereva wakifutia viti kwa petroli eti ving'ae! Kikipungua, leza inakakamaa, inapasuka kwenye mikunjo na kando ya mshono. Futa kwa maji na sabuni ya kawaida, egesha kivulini.

Kilainishi hichohicho huhama. Ukiacha mto wa leza umeegemea meza yenye vanishi kwa miezi, siku ukiuvuta unakuta vanishi imelainika na inanata.

Stika za magari nazo ni vinili, yaani PVC hiyohiyo. Za bei nafuu hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola za moto, kwa hiyo baadaye husinyaa na kuacha mstari wa gundi pembeni unaokamata vumbi. Kwa tangazo la msimu zinatosha kabisa. Ukitaka kuvalisha gari zima, kwenye mikunjo ya bodi, lipia zile zinazomiminwa zikiwa kimiminika; zinatulia.

Nyumbani sina mengi. Bomba la PVC lisipitishe maji ya moto, maana hulainika kwenye nyuzijoto 80 hivi. Hapo weka PPR, bomba la plastiki linalostahimili maji ya moto. Linalopita juani lipake rangi nyeupe ya maji. Na vipande vya leza au bomba msichome uani: moshi wake una asidi inayowasha macho na kifua.

Kwenye kununua, leza yote ya sofa ikatwe kwenye roli moja, kwa sababu roli ya pili ya "rangi ileile" mara nyingi hupishana kidogo. Ongeza nusu mita ya kuweka kando. Ikunje kwa kuiviringisha, sehemu ya juu ikiwa nje, usiipige pasi wala kuibana chini ya godoro.