Namna ya kupata maoni ya kweli kuhusu picha zako

Mkuu, umeuliza ufanye nini ili wenzako wakuambie ukweli kuhusu picha zako, maana kila unayemtumia anajibu "kali sana" na wewe unajiona uko palepale. Mimi niko Kigoma, napiga picha mwaka wa sita huu kwa mapenzi tu, kazi yangu ni nyingine. Nakuandikia yaliyonikuta.

Miaka miwili ya mwanzo niliambulia sifa tupu. Tulikuwa vijana saba, Jumapili tunashuka ufukweni Kibirizi au Katonga kupiga picha wavuvi, usiku tunatumiana picha. Kila mtu anamsifia mwenzake ili naye asifiwe. Nikizifungua leo picha za miaka ile, makosa ni yaleyale mwanzo hadi mwisho: mstari wa ziwa umelala upande, nyuso zimezama gizani.

Kilichonigeuza ni picha ya mama mmoja akianua dagaa jioni. Niliipenda mno. Nikampelekea mzee mwenye studio mtaa wa Mwanga, aliyeanza kazi enzi za filamu. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, hapa ulikuwa unampiga nani?" Nikasema, mama huyu. Akaweka kidole gumba kwenye kona ya chini, juu ya ndoo ya njano. "Haya, tazama sasa." Ndoo ilipozibwa, jicho likaenda moja kwa moja kwenye viganja vya mama, dagaa wanameta kwa jua. Akaondoa kidole, jicho likarudi kwenye ndoo. Hakusema nzuri wala mbaya. Nilikaa naye dakika tano hivi, nikatoka na kitu ambacho miaka miwili ya sifa haikunipa.

Tangu siku ile siulizi "vipi picha?" Ukiuliza hivyo unamlazimisha mtu akusifie. Nasema nilichokuwa nakitafuta, kisha nauliza: jicho lako limeanzia wapi? Kuna kitu kinakuvuta pembeni?

Ukijibiwa, nyamaza. Hapa ndipo pagumu. Mimi nilikuwa mwepesi kujitetea: mtumbwi ulikuwa unayumba, jua lilikuwa kali, lenzi yenyewe ya bei ndogo. Anayetazama picha hakuwemo mtumbwini. Sikiliza, kaa na maneno yake siku mbili, ndipo uamue. Mtu mmoja akilalamika huenda ni ladha yake. Watatu wakigusa kona ileile, rudi ukaitazame upya.

Halafu muulize na uliyempiga picha. Yule mama nilipompelekea picha yake alisema, "Mbona umenipaka masizi?" Wapigapicha saba hatukuliona hilo! Huku kwetu jua linazama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, karibu saa 1 jioni, na sote tunalikimbilia. Sasa mtu akiligeuzia jua mgongo, kamera inaona mwanga mwingi nyuma yake, inapunguza mwangaza wa picha nzima, na uso wa mtu mweusi unapotea kabisa. Siku hizi napandisha mwangaza kwenye kamera hatua moja au moja na nusu, anga likiungua kidogo na kuwa jeupe tupu, liungue. Au nazunguka upande wa pili, mwanga wa jioni umpige yeye usoni.

Upande wa kutoa maoni nilikosea vibaya. Kijana mmoja wa Ujiji alituonyesha picha za harusi ya dada yake. Nyingi zilikuwa na ukungu wa mtikisiko. Nikamwambia mbele ya wote, "Umeiharibu harusi ya watu." Nilisema kweli, lakini kweli ile haikuwa na msaada wowote, harusi hairudiwi. Nilipaswa kumvuta pembeni nimwambie: ulipiga kwa kasi ya 1/30 ya sekunde na watu wanacheza, ukumbini panda hadi 1/250, ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, chembechembe za picha zisikutishe. Na nimwonyeshe ile moja aliyoipata, mama yake akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Niliiona palepale, na sikuitaja.

Hakuja tena Jumapili. Mwaka jana nilimkuta stesheni ya reli nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri, tukasalimiana kama ndugu, ila kamera alikuwa ameshaiuza.