Kirushio cha sumaku-umeme: tatizo si nguvu, ni muda

Mradi wangu wa fizikia shuleni ulikuwa kirushio cha sumaku-umeme, yaani koili (waya uliozungushwa kwenye mrija) inayorusha msumari inapopitishwa umeme, na kwa wiki mbili nzima msumari haukuruka. Nikibonyeza swichi, unaingia ndani ya koili kwa kasi, unatikisika, halafu unaganda katikati. Nikaona umeme hautoshi, nikaongeza betri. Ukaganda vilevile, tena kwa nguvu zaidi.

Mwenzangu akashauri tuchomoe kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya taa ya mmweko kwenye kamera mbovu. Mwalimu alikataa papo hapo, na mimi leo nakukataza vilevile. Kapasita ile huchajiwa hadi volti 300 hivi, na chaji hubaki ndani hata kamera ikiwa imezimwa. Inaweza kuua. Umeme wa ukutani nao usiuguse kabisa kwa mradi huu.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba koili huvuta chuma kuelekea katikati yake kutoka pande zote mbili. Msumari ukipita katikati huku mkondo ungali unapita, koili ileile iliyouvuta mbele inaurudisha nyuma. Lazima mkondo ukatike kabla msumari haujafika pale, na safari hiyo huchukua sehemu chache tu za mia za sekunde. Hakuna kidole kinachoweza kuiwahi swichi.

Kapasita ya volti ndogo inaiweza kazi hiyo, kwa sababu hujimaliza yenyewe. Nilifunga mbili za mikrofaradi 4700, za volti 25, sambamba, nikazichaji kwa volti 12 kupitia rezista (kipunguza mkondo) ya omu 100. Koili ilikuwa mizunguko 200 ya waya wa shaba wenye vanishi, unene milimita 0.5, juu ya mrija wa kalamu, urefu sentimita 4. Ukibonyeza, chaji karibu yote inaisha ndani ya sehemu mbili au tatu za mia za sekunde. Siku ya kwanza tu msumari ulitoka!

Angalia sana chanya na hasi za kapasita. Ukizigeuza zinaweza kupasuka. Weka diodi, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, kwenye koili ili mkondo usigeuke na kuzirudia. Tumia swichi nene, maana ampea hupanda ghafla na swichi ndogo hugandana. Kagua vanishi ya waya isiwe imekwaruzika. Mwaka 1903 Kristian Birkeland, mwanafizikia wa Norway, alionyesha mzinga wake wa sumaku-umeme mbele ya watu, ukapiga shoti. Kama yeye alipatwa, sisi tukague mara mbili. Kata ncha ya msumari iwe butu, vaa miwani ya kujikinga, na elekeza mrija kwenye boksi lenye nguo ndani, kamwe si kwa mtu au mnyama. Ukimaliza, mwaga chaji kupitia rezista ileile, kisha pima kwa voltimita mpaka usome sifuri.

Nilipokuwa tayari kupima kasi, nililaza mrija ukingoni mwa meza yenye kimo cha sentimita 80, sakafu mbele yake ikiwa wazi na watu wote nyuma yangu. Kitu kinachorushwa kwa mlalo kutoka kimo hicho hufika sakafuni baada ya sekunde 0.4. Msumari wangu wa gramu 3 ulianguka sentimita 60 mbele, yaani kasi ya mita 1.5 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ilikuwa kama juli 0.0034, wakati kapasita zilibeba juli 0.68. Nusu asilimia tu! Nyingi ya iliyobaki iliishia kuwa joto kwenye waya.

Ukitaka ripoti yenye uzito, usiongeze volti. Sogeza mahali pa kuanzia msumari milimita 2 kila mara, rusha mara tano kila nafasi, chora grafu ya umbali. Yangu ilipanda, ikafika kilele ncha ya mbele ya msumari ilipokuwa imeingia kidogo tu kwenye koili, kisha ikashuka ghafla.